Jumamosi nne za kukaa kimya Soweto, kwa shilingi 80,000

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kijiweni: shilingi 80,000 kwa Jumamosi nne za mafunzo ya kuzoeza akili kwa sisi wa kazi za dharura, hapa mtaa wa Soweto, Mbeya, muda wa saa mbili kila Jumamosi, chai na maandazi humo humo. Kituo ninachofanyia kazi kililipa nusu, nusu nikatoa mfukoni. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyetoa hela yake, tena hela ya dereva.

Naendesha gari la wagonjwa. Mwaka wa 11 huu niko kwenye barabara kuu ya Zambia, kipande cha Chimala hadi Mbalizi, na mara mojamoja nakata Uyole kushuka Tukuyu. Kwa asiyeijua: malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanapita katikati ya jiji letu, yanagombea lami ileile na bajaji, bodaboda, wanafunzi na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Mteremko wa Iwambi, ule wa kuingia Mbalizi, sitausimulia. Mtu wa Mbeya ukimtajia Iwambi anakaa kimya kidogo kabla hajakujibu.

Kilichonipeleka kwenye mafunzo ni aibu. Mwezi wa tano, saa tisa usiku, natoka Igurusi na mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya. Sikuwa nimelala. Macho wazi, mikono kwenye usukani, kimulimuli kinawaka. Nikapita kona ya kwenda hospitali. Wala sikuipita kidogo, nilizinduka niko Iyunga, nesi anagonga kile kidirisha nyuma ya kichwa changu: "Baba, unatupeleka Tunduma?" Mama alijifungua salama, namshukuru Mungu. Mimi nilibaki kwenye gari pale nje mpaka kukakucha, nikaogopa kuingia ndani nisije nikaulizwa.

Kichwa kilikuwa wapi? Kilikuwa Inyala, wiki tatu nyuma. Daladala iligongana na lori, na juu ya keria ilikuwa imefungwa matenga ya maparachichi. Yakamwagika barabara nzima. Tukawa tunapita na machela juu yake: unakanyaga, linapasuka, mguu unateleza, na uliyembeba anapiga kelele kwa sababu umemtikisa mfupa uliovunjika. Nimeona mabaya kuliko hayo katika miaka 11. Lakini majeruhi wa siku ile siwaoti. Naota maparachichi.

Basi tangazo lilipobandikwa kituoni nikajiandikisha, ingawa jina lake lilinichekesha: "Mafunzo ya Umakinifu kwa Watoa Huduma za Dharura". Kijana mmoja wa zimamoto niliyekaa naye siku ya kwanza alinong'ona, "Kuwa makini tuliambiwa tangu depo. Kwani nani mzembe hapa?" Na ana haki. Kwetu ukiambiwa uwe makini ujue umeshakosea. Hawa wanafundisha kitu kingine: kukiona kinachotokea sasa hivi, mwilini, kichwani na mbele yako, bila kukigombeza. Wangetafuta jina lingine.

Tulikuwa 17. Askari wa zimamoto watano, manesi wa dharura, trafiki wawili, madereva watatu, mhudumu wa mochwari ambaye hakuongea neno hadi Jumamosi ya tatu, na bodaboda mmoja wa Uyole ambaye si mtumishi wa mtu yeyote ila kila ajali ikitokea karibu na kijiwe chake yeye ndiye anayefika kwanza. Huyo alilipa 80,000 zote mwenyewe. Nilimheshimu.

Mwalimu ni dada wa makamo, mtu wa saikolojia, ametoka Dar. Alianza kwa kueleza kitu hiki kimetoka wapi, na nampa maksi kwa kutoficha. Mzizi wake ni tafakuri ya Wabudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn akakitoa kwenye dini na kukiingiza hospitalini, kwenye chuo kikuu cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, akiwafundisha wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Mafunzo yake ni ya wiki 8, na mazoezi ya nyumbani kama dakika 45 kila siku. Sasa nani mwenye dakika 45 akiwa zamu ya usiku? Ndiyo maana Amishi Jha, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Miami, pamoja na mwenzake Scott Rogers, wakatengeneza ya wiki 4 kwa ajili ya watu wa kazi za presha: wanajeshi, askari wa zimamoto na wengine wa aina hiyo. Mazoezi ya nyumbani ni dakika 12. Haya ya Soweto yamefuata njia hiyo.

Nilipomsimulia mzee wetu wa kanisa, sisi ni Wamoraviani, aliuliza swali moja tu: "Mnawasha udi?" Nikamwambia hapana, tunakaa kwenye viti vya plastiki. Akaridhika.

Kabla ya lolote tulipimwa. Kipimo chenyewe ni kama mchezo wa simu, na ndicho kilichonikamata. Namba zinatokea kwenye kioo haraka haraka, 1 hadi 9, bila mpangilio. Kila namba bonyeza, isipokuwa 3. Ukiona 3, tulia. Zinapita namba 225, na katika hizo 3 inatokea mara 25. Dakika nne na kitu, basi. Nikasema moyoni, hili hata mwanangu wa darasa la kwanza analiweza.

Niliibonyeza 3 mara 14.

Ubaya wake ni kwamba unaiona. Jicho linasema tatu, na kidole kimeshabonyeza. Unatukana kimoyomoyo, na wakati bado unatukana nyingine imepita. Kidole kimezoea kubonyeza, hakimsubiri mwenye nyumba. Nikaikumbuka kona ya hospitali. Mguu wangu ulikuwa umezoea mafuta, barabara ilikuwa nyeupe, mwenye nyumba alikuwa Inyala anakanyaga maparachichi. Trafiki aliyekaa mbele yangu alibonyeza mara 19 na akadai simu ni mbovu.

Zoezi la kwanza la kweli lilikuwa la kula. Kule Marekani hutumia zabibu kavu. Mwalimu wetu alileta karanga za kukaanga. Karanga sita kwa kila mtu: zitazame, zinuse, zisikilize ukizisugua sikioni, weka moja ulimini usiitafune. Wazo zuri, ila saa imekosewa. Nusu yetu tulitoka zamu ya usiku tukaja moja kwa moja saa tatu asubuhi bila kutia kitu tumboni. Alipofika kwenye "sasa angalieni mikunjo ya ganda lake", nesi mmoja alikuwa ameshamaliza zake na anaangalia mikunjo ya zangu. Mwenye mafunzo kama anasoma: leteni chai mwanzo, msiilete mwisho.

Dakika 12 zenyewe ziko hivi. Unakaa mgongo wima, miguu chini, unaweka akili kwenye pumzi mahali inaposikika zaidi, puani au tumboni. Ndani ya sekunde tano kichwa kimeondoka, kimekwenda kwenye ada ya shule. Unagundua kimeondoka. Unakirudisha. Kinaondoka tena. Wiki ya kwanza niliona nimeshindwa, maana nilidhani mtu anayejua hukaa akili imetulia kama maji ya mtungi. Mwalimu akasema kule kurudi ndilo zoezi lenyewe. Kichwa kikitoroka mara hamsini ukakirudisha mara hamsini, umefanya kazi mara hamsini.

Hapo ndipo nilipomwelewa, na si kwa mifano yake. Nilimkumbuka mama yangu pale Kyela anavyochagua mchele. Ungo mapajani, anaongea na jirani habari za msiba wa juzi, anacheka, anakemea kuku, na kila dakika vidole vinarudi kwenye ungo kutoa jiwe. Kuongea hakumkasirishi wala hajilaumu kwamba ameongea. Anarudi kwenye ungo tu. Nikasimulia darasani, na kuanzia siku ile yule mhudumu wa mochwari akawa ananisalimia, "Ndaga, mwenye ungo."

Mfano mwingine niliouchukua mzima mzima ni wa taa, na huo ni wa Jha mwenyewe. Akili ina tochi: unaimulika sehemu moja, kwingine giza. Ina pia taa pana inayoonyesha eneo zima bila kuchagua. Kazi yetu inadai zote mbili, na kosa letu ni kuwasha tochi mapema. Unafika kwenye ajali, mtu analia kwa jina la mama yake, unamkimbilia yeye. Hujaona mafuta yanayotiririka, hujaona waya wa umeme, hujaona lori linaloshuka bila kujua kuna watu barabarani. Zimamoto wanafundishwa kusoma eneo kwanza, na sisi pia kwenye semina tumeambiwa. Baada ya Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 100, nani atasema hajui? Lakini kujua ni darasani, na barabarani kuna kelele. Zoezi lao ni kusimama pumzi moja kabla mkono haujafungua mlango, taa pana iwake, halafu ndipo tochi. Pumzi moja. Hili peke yake nimelipa 40,000 zangu kwa roho safi.

Sasa malalamiko.

Kuna sauti zilizorekodiwa za kufanyia mazoezi nyumbani, zinatumwa WhatsApp. Nzito, zimekula bando langu la wiki. Anayeongea ni mwanamume mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari, na nyuma yake mawimbi ya bahari. Bahari! Wazee, tuko Mbeya. Wimbi langu mimi ni la Matema, Ziwa Nyasa, nikienda likizo. Makaratasi waliyogawa ndiyo yaliniudhi zaidi, yametafsiriwa na mashine na hakuna aliyeyapitia. Mahali fulani pameandikwa "kuwa mwema kwa pumzi yako na uilete nyumbani". Kijana wa zimamoto akauliza kama tuipitishie sokoni kwanza. Ajabu ni kwamba mwalimu mwenyewe akiongea anaeleweka vizuri mno, kwa hiyo wangemrekodi yeye, pale pale ukumbini, hata na honi za bajaji zikisikika.

La pili ni zito. Jumamosi ya pili tulilazwa kwenye mikeka, macho tumefumba, tunaupitia mwili kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo. Ilikuwa Julai, saruji ya baridi ile, mtu mmoja kona ya nyuma anakoroma kabisa. Mimi nilikwenda vizuri hadi magotini. Tulipofika kwenye nyayo, lami ya Inyala ikarudi. Naapa niliusikia ule ute chini ya buti. Moyo ukaenda mbio, jasho, nikashika mkeka kwa mikono miwili kama nimeshika mlango wa gari.

Mwalimu aliniona. Alikuja akachuchumaa, akaongea chini chini: "Kaka, fumbua macho. Kaa. Kanyaga sakafu. Nitajie vitu vitatu vya bluu humu ndani." Nikataja: ndoo, kitenge cha nesi, mlango. Ikapungua. Baadaye akatuambia wote kwamba kufumba macho si lazima, na mtu mwenye jambo linalomrudia afanye macho wazi akitazama sakafu, na akizidiwa aache. Alichofanya ni sahihi. Lakini hilo lilikuwa la kusemwa Jumamosi ya kwanza, kabla ya mikeka, maana unapokusanya watu 17 wa kazi hii unajua kabisa wamebeba nini. Na nilipomuuliza nimwone nani kwa ajili ya Inyala, waandaaji hawakuwa wamepanga mtu yeyote. Alinipa jina la mtaalamu kwa juhudi zake mwenyewe, nje ya mafunzo. Nimekwenda mara tatu kwa gharama yangu. Kama ndoto zako zina kitu kinachojirudia, anzia huko, pumzi zije baadaye.

Wengi tulidhani tunakwenda kupumzishwa, na siku ya kwanza nilitoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Kumbe kupumzisha mwili ni kitu kingine. Utafiti uliofanywa kwa askari wa zimamoto wa Marekani na timu ya Miami, ukatoka 2020, uliviweka hivyo viwili mizani moja: kundi la umakinifu, kundi la kufundishwa kulegeza mwili, na kundi lisilofundishwa kitu. Waliofundishwa umakinifu ndio walioongezeka uwezo wa kuinuka baada ya misukosuko, na katika kundi hilo waliofanya mazoezi siku nyingi zaidi walinufaika zaidi, pamoja na kwenye kipimo cha umakini. Mwalimu alipoeleza hayo, yule yule kijana wa zimamoto akanyanyua mkono: "Sasa mwalimu, nikipumua, maji kwenye gari yataongezeka?"

Ukumbi ulipasuka. Mwalimu naye akacheka, kisha akajibu hivi: "Hayataongezeka. Maji mdai mkubwa wako. Na asikwambie mtu kwamba ukipumua vizuri unaweza kufanya zamu mbili mfululizo." Kwa jibu hilo nilimsamehe karanga. Maana hofu yangu tangu mwanzo ilikuwa hiyo: kwamba tunapelekwa kufundishwa utulivu ili tusiulize kwa nini dereva mmoja anashika gari saa 24. Mkubwa mmoja aliyekuja kufunga mafunzo alisema karibu neno kwa neno kile alichokikataa mwalimu, kwamba sasa tumepewa nyenzo, visingizio vya uchovu viishe. Tulipiga makofi ya adabu.

Miezi mitatu imepita. Nilipanga kila siku, nafanya kama siku nne kwa wiki, mara nyingi nikiwa kwenye gari nimeegesha, kabla ya kukabidhiana zamu. Kipimo cha namba tulirudia Jumamosi ya mwisho nikabonyeza 3 mara 9. Sijui ni mazoezi au ni kwamba nimeshauzoea mchezo. Trafiki yeye alipata 18 na bado anailaumu simu. Mke wangu anasema nimepunguza kujibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Maparachichi bado yanakuja, ila sasa nayaona yanakuja, nakanyaga sakafu ya gari, nataja vitu vya bluu.

Na kuna usiku mmoja wa Septemba. Napanda Mlima Nyoka kurudi Uyole, gari tupu, ukungu umelala barabarani kama sufi. Nikajikuta naongea na marehemu baba yangu juu ya shamba, nikaona nimeondoka, nikarudi: usukani, baridi ya kioo, mlio wa injini. Katika kurudi huko nikaona matawi kwenye lami. Matano, mabichi, yamepangwa. Huku kwetu kila mtu anajua maana yake. Nikakanyaga breki polepole, na hatua thelathini mbele lilikuwa limesimama lori bila taa hata moja, utingo amekaa chini ya tela anaota moto wa makaratasi. Huenda ningeyaona matawi yale hata bila Soweto. Miaka 11 nimeyaona mengi. Utingo aliniomba maji, nikampa chupa yangu, akauliza mbona dereva unatetemeka.

Nesi ninayefanya naye zamu, yule yule wa kidirishani, sasa ameshazoea. Kabla sijawasha gari natoa mkono kwenye ufunguo, navuta pumzi tatu. Mwanzoni aliuliza, "Unasali?" Nikamwambia narudi kwenye ungo. Siku hizi nikisahau, ananigongea.

Kwa anayetaka kwenda: mimi nimewapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nusu hiyo ni ya mwalimu binafsi. Awamu nyingine wamesema itaanza baada ya mvua. Mwambie mkubwa wako alipe zote, usikubali nusu, na omba siku ya mapumziko kabla ya Jumamosi yenyewe, usiende umetoka usiku. Kunywa chai nyumbani. Beba blanketi, mikeka yao ni myembamba. Na ukumbini usikae upande wa mlango wa bati, ule wa bluu. Haufungi vizuri, na upepo wa mlima Loleza unakuingia shingoni dakika zote 12.